Kanga wa Matundu

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumanne, mtani wangu alisimamisha pikipiki mbele ya cherehani yangu akaanza kunitukana, nami nikafurahi. Saa naikumbuka kwa sababu niliitazama. Nilikuwa nimemwahidi mteja sketi yake saa nne na nusu, na mtani akianza hamalizi upesi.

Sikuwa nimewahi kumwona. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi mpaka makwapani, kofia nyekundu ya pikipiki bado kichwani. Alitazama mifuko niliyoitundika kwenye nguzo za baraza, yenye picha ya ndege, akaniuliza kabila langu kabla ya kuniuliza hali. Nilipomjibu kwamba mimi ni Mnyamwezi, mzaliwa wa hapahapa mjini Tabora, akapiga makofi kwa furaha.

"Ahaa! Ndiyo maana. Babu zenu walibeba mizigo ya watu kutoka huku mpaka pwani. Nyie mmeendeleza, sasa mnabeba mpaka ndege wa watu!"

Lafudhi ilikuwa imeshamtaja. "Wewe Mzaramo," nikamwambia, "nyie mliuza minazi yote ili mcheze ngoma. Siku ukiuza na hiyo pikipiki, njoo. Mizigo bado ipo, nitakutafutia wa kubeba."

Jirani yangu wa barazani, mama anayeuza viroba vitupu, akadakia bila kuinua macho kwenye kazi yake. "Mwache, fundi. Huyo amekuja na njaa. Mwone mkanda wake, umefika tundu la mwisho."

"Nyamaza, mama, nisije nikakuoa bure!"

"Uniolee wapi? Kwenye pikipiki?"

Barabara nzima ilicheka. Yeye akanyoosha mkono, akachomoa mfuko mmoja wa turubai kwenye nguzo, akautundika begani. "Huu nimechukua. Mnyamwezi, ukiutaka nifuate kwa miguu kama babu yako." Akawasha pikipiki akaenda.

Mfuko kama ule nilikuwa nauuza shilingi elfu kumi na mbili. Sikumfuata wala sikukasirika. Mtani akichukua kitu chako mbele yako, na akatangaza kwamba amechukua, humdai. Unangoja siku yako uchukue chake, naye akikitaka atakikomboa. Ndivyo tulivyorithishana na watu wa pwani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakipita njia moja, wakila chungu kimoja na kuzikana njiani. Nilishona mchana kutwa nikiwa na furaha, nikipanga nitakachomchukulia.

Sasa nieleze habari ya mfuko wenyewe.

Kuna kampuni ya kusaga unga, jina lake silitaji, ambayo viroba vyake vina picha ya kanga, yule ndege wa porini mwenye madoa, ameinua mguu mmoja na ana hindi mdomoni. Unga wake ni mzuri. Nyumbani kwangu Itetemia tunaula. Mama lishe, waoka maandazi na shule huununua kwa viroba, na unga ukiisha kiroba kitupu huuzwa. Jirani yangu huyo ndiyo kazi yake. Huvikusanya, huvifua, huvianika kwenye waya nyuma ya soko, kisha huviuza. Ni mjane, mkulima wa Ntalikwa, huimba kwaya kanisani kwao, na ulimi wake hauna breki.

Mifuko ya plastiki, ile ya rambo, ilipopigwa marufuku watu walihitaji kitu cha kwendea sokoni. Nikanunua viroba kwake, nikavikata, nikavipiga pindo mara mbili, nikavitia mikanda. Mwanzoni niligeuza picha ndani, nikidhani watu wataona haya kutembea na kiroba cha unga. Wateja wakakataa. Mwanamke mmoja alinieleza vizuri. "Fundi, mweke kanga nje. Watu wakimwona watajua kwangu hatuli pumba." Nikageuza.

Lakini jua la huku halina adabu na rangi ya kiroba. Ikipita miezi michache kanga amebaki kivuli. Wakaanza kurudi nayo: "Fundi, mrudishie huyu macho yake." Nikachukua uzi na sindano nikamfuatisha kwa mkono, doa baada ya doa, kwa wale waliotaka. Baadaye mtu akataka kanga wa uzi peke yake, kwenye turubai zito la rangi ya kaki, mfuko wa kudumu. Nikamtengenezea. Akaja mwingine.

Kanga wangu hakuwa yuleyule. Wa kampuni amenyoosha shingo kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Wangu ameinama, kwa maana kanga ninaowaona mimi kwenye mashamba ya njia ya Kwihara hawana muda wa kupigwa picha, wanaparura. Lakini mguu niliuacha juu na hindi nililiacha mdomoni. Sikuwa na nia ya kuficha alikotoka. Ilikuwa ndiyo furaha yenyewe ya mfuko ule, mtu amwone kutoka ng'ambo ya barabara amtambue.

Wiki ile nilikuwa pia na kazi kubwa ya kwaya ya jirani yangu. Akina mama arobaini walikuwa wanasafiri Jumapili ya wiki iliyofuata kwenda kuimba, na kila mmoja alileta kiroba kutoka jikoni kwake nimshonee mfuko wa safari. Nilikuwa nimeshona kama nusu.

Ijumaa mtani akarudi. Safari hii alivua kofia ya pikipiki, akaishika mkononi.

"Fundi, habari za kazi."

"Mzaramo! Umekuja kuleta mahari ya mama?"

"Leo nimekuja kikazi, fundi. Leo sina utani."

Akanipa karatasi yenye nembo ya kampuni, yaani kanga yuleyule, mdogo, pembeni juu. Niliisoma mara mbili. Ilisema kwamba mimi ni mtengenezaji wa bidhaa bandia zenye alama ya kampuni, na kwamba siku ya Jumanne mwakilishi wao alinunua kwangu mfuko mmoja kuwa kielelezo. Kwa hiyo nisaini kukiri, nikabidhi mifuko yote yenye kanga iteketezwe, na nilipe fidia ya shilingi laki tano. Nisipofanya hivyo, kampuni itanipeleka mahakamani.

Laki tano ilikuwa cherehani yangu. Hakukuwa na mahali pengine ambapo ingetoka. Na "mifuko yote yenye kanga" ilikuwa pamoja na viroba vya akina mama vilivyorundikwa miguuni pangu. Lakini nakiri kwamba kilichonichoma kwanza hakikuwa fedha. Kilikuwa kitenzi kimoja.

"Hapa pameandikwa ulinunua," nikasema.

"Ndivyo zinavyoandikwa, fundi. Ni lugha ya ofisi."

"Ulinilipa shilingi ngapi?"

Akatazama barabarani. Jirani yangu alikuwa ameshaacha viroba vyake amesimama.

"Anunue wapi huyo? Alikwapua mchana kweupe, mimi shahidi! Wewe, unacheka na mtu Jumanne, Ijumaa unamletea karatasi?"

"Mama, mimi nimetumwa."

"Hata mbwa anatumwa. Lakini mbwa haandiki kwamba alinunua mfupa."

Hapakuwa na aliyecheka. Mtani alisema Jumatatu saa tatu meneja wao kutoka makao makuu atakuwepo ghalani kwao, karibu na reli, na kwamba kwa ajili yangu ni afadhali niende nimeshasaini. Alivaa kofia yake akaenda taratibu, bila kupiga honi.

Mimi niliishia darasa la saba. Mengine nimeyasoma mwenyewe, kwa kuazima na kwa kununua vitabu visivyo na majalada. Jumamosi sikufungua kazi. Nilikwenda kwenye duka la kuchapisha, nikaomba kijana anitafutie sheria inayohusu alama za biashara, nikalipia kurasa, nikakaa nazo na kamusi.

Sikupata nilichokitaka. Nilitaka kukuta mahali panaposema kwamba fundi ana ruhusa. Nilikuta kwamba mwenye alama analindwa, na kwamba mnunuzi naye anatakiwa alindwe asidanganywe. Kwa hiyo juu ya kanga wa uzi sikuwa na hakika ya kushinda, na nilijiambia hivyo waziwazi ili nisiende huko kujidanganya. Juu ya viroba nilikuwa na hakika yangu mwenyewe, isiyohitaji kurasa. Aliyenunua unga alinunua na kiroba. Hakuna duka lililowahi kumwambia mtu amimine unga kwenye ndoo kisha arudishe kanga.

Na juu ya neno "bandia" sikuwa tayari kujadiliana kabisa.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa akitusimulia habari za babu yake, aliyekuwa mpagazi. Alibeba marobota ya merikani, kile kitambaa cha pamba cha ng'ambo, kutoka pwani, na kila jora lilikuwa na muhuri wa mwenye kiwanda mwishoni. Waungwana hawakukitaka kile kipande chenye muhuri, maana kilionekana kimechafuka. Ndicho alicholipwa yeye. Akarudi nacho nyumbani akakivaa muhuri ukiwa nje, kiunoni, watu wauone, na watu wakamwambia hiyo ndiyo nguo ya kweli. Bibi alimaliza kila mara kwa maneno yaleyale: mzigo ulikuwa wa tajiri, muhuri ulikuwa wa tajiri, bega lilikuwa la babu. Jumapili nilipokuwa nikinoa nyembe zangu za kufumulia nilijikuta nayasema kwa sauti, na mke wangu akaniuliza nazungumza na nani.

"Na kampuni," nikamwambia.

"Basi usiwanong'oneze. Wako mbali."

Jumatatu niliifunga ile mifuko ya turubai kwenye baiskeli. Ilikuwa imebaki kumi na miwili. Viroba vya kwaya niliviacha kwa jirani yangu, ambaye alivikalia.

Meneja alikuwa mwanamke wa rika langu, miwani imening'inia shingoni, mpole na mwenye haraka. Aliniuliza hali, nikamwuliza za safari. Mtani wangu alisimama ukutani. Nyuma yake mtunza ghala, Msukuma mnene, alikuwa akijifanya anapanga magunia. Mezani palikuwa na mfuko wangu na ile karatasi.

"Huu ni wako?" meneja akauliza.

"Ulikuwa wangu. Kazi ni yangu."

Aliugeuza ndani, akaangalia pindo. "Umeshona vizuri," akasema, kama mtu anayesoma mita ya umeme. "Basi saini tumalize, fundi. Nina safari."

"Siwezi kusaini, mama. Karatasi ina makosa mawili."

"Yapi?"

"La kwanza, inasema mfuko huu ulinunuliwa. Haukununuliwa. Mwulize kijana wako."

Alimgeukia. "Ulinunua au hukununua?"

"Nilichukua, mama."

"Ulichukua vipi?"

Mtani alijikuna shingo. "Kwa utani."

Meneja hakuhitaji kuelezwa. Nani nchi hii anahitaji? Alivaa miwani, akamtazama yeye, akanitazama mimi.

"Wewe Mzaramo."

"Ndiyo, mama."

"Na huyu?"

"Mnyamwezi."

"Kwa hiyo ulikwenda kwa mtani wako, ukamtania, ukachukua mali yake kwa haki ya utani, ukaniletea mimi kuwa kielelezo cha kesi. Na ukaniandikia umenunua."

"Mama, kazini mimi sina utani."

"Ulipotaka mfuko ulikuwa nao," nikasema.

Kule nyuma mtunza ghala alishikwa na kikohozi kirefu. Mtani akageuka. "Na wewe Msukuma usicheke!" Lakini mwenyewe mdomo ulikuwa umemponyoka pembeni, na nilijua siku ile hawezi tena kunitazama kikazi.

Meneja aliweka kalamu chini. "Kosa la pili?"

"Neno bandia. Kitu bandia kinamdanganya mtu. Hakuna aliyenunua mfuko huu akidhani ananunua unga. Hakuna aliyekuja kwangu kuniomba kilo mbili. Andikeni kwamba nilimshona kanga wenu bila kuomba ruhusa, hilo ni kweli, nitasaini sasa hivi. Bandia sisaini. Baba yangu ameshona kanzu hapa mjini mpaka macho yakamwisha, na hakuna aliyemwita hivyo."

"Umewahi kuuza mingine kama huu?"

Ningeweza kusema hapana. Kielelezo chao kilikuwa kimeshakufa na pale hapakuwa na shahidi wa kunipinga. Lakini sikuwa nimekwenda kuficha.

"Nimeuza. Tisa. Na wote walionunua waliondoka wamefurahi."

"Wakafurahia kanga wetu."

"Wakafurahia kanga. Mama, mji huu bajaji zimechorwa nembo za timu za Ulaya, vinyozi wamechora nembo za viatu vya watu ukutani. Kampuni yako ilikuwa inapata nini kabla yangu? Kiroba kikiisha unga kilikuwa kinatiwa mkaa. Mimi nimemtembeza kanga wenu sokoni miaka miwili, bila posho."

"Fundi, hukuombwa."

"Sikuombwa. Na sikulipwa. Na sasa natakiwa nilipe."

Alitaka kutabasamu akaahirisha. "Na viroba?"

"Viroba havimo. Nilivyo navyo sasa ni vya akina mama wa kwaya, wamekula unga wakabaki na kiroba. Mimi nawapigia cherehani tu. Mwenye kitambaa ni mteja, mwenye mkono ni fundi. Ukitaka viroba hivyo vichomwe, nitakuelekeza Ntalikwa, uwaambie mwenyewe. Wako arobaini."

"Tukienda mahakamani?"

"Tutakwenda. Nitaibeba karatasi hii kama ilivyo, nami nitaomba mtani wangu aeleze alilipa kiasi gani."

Nje garimoshi la mizigo lilikuwa linapanga mabehewa, na kila liliposhtuka kalamu mezani iliruka kidogo. Kisha meneja akaichukua karatasi ya kampuni, akaikunja mara mbili, akaitia mkobani.

"Fidia hakuna," akasema. "Neno lile halipo. Viroba vya watu ni vya watu. Lakini hawa wa turubai nakabidhiwa leo, na huwashoni tena. Hapo sishuki."

"Kushona tena sitashona, mpaka mniruhusu. Kukabidhi sikabidhi. Turubai nimenunua, uzi nimenunua. Cha kwenu ni kanga. Nitamtoa."

"Lini?"

"Sasa. Nina wembe."

Nilikaa barazani kwa ghala, mgongo ukutani, nikafumua kanga kumi na wawili. Kushona kanga mmoja kulikuwa kunanichukua jioni mbili. Kumtoa ni kazi ya robo saa, ukiwa na mkono mtulivu. Unakata kwa nyuma, kamwe si kwa mbele, kisha unavuta kwa kibano, na uzi unatoka vipandevipande kama nywele kwa kinyozi. Meneja alimwagiza mtani akae nami ahakikishe. Alikaa kwenye gunia, kofia yake magotini. Wapakiaji walipita wakituangalia.

"Mzaramo, unamlinda fundi asitoroke na kuku?" mmoja akauliza.

"Si kuku, ni kanga."

"Kumbe unamjua! Mbona ulimwita kielelezo?"

Habari zilikuwa zimeshatoka ofisini, na mtunza ghala hakuwa mbali. Mtani alivumilia mpaka kanga wa sita. Ndipo akaniambia chini kwa chini, "Fundi, mimi nina watoto wawili. Waliniambia nilete kielelezo. Nikaona nikinunua utanidai risiti, nikichukua hutanidai kitu."

"Ulihesabu vizuri."

"Usinitanie."

"Sikutanii. Nataka ujue kwamba sijakasirika kwa mfuko. Mfuko ulikuwa wako tangu ulipoutangaza. Nimekasirika kwamba umeuuza utani wa babu zetu kwa bei ya mshahara, tena bila kunishirikisha."

Mtani alichukua kibano akaanza kuvuta nyuzi za wa saba. Alikuwa hajui, anavuta kwa nguvu, nikamwonyesha.

Adhuhuri ilikuwa imepita nilipomaliza. Meneja alitoka na begi lake, gari likimngoja. Alichukua mfuko wa juu, akaunyoosha, akauelekeza kwenye mwanga kuangalia kama umesafishika.

Turubai si kama pamba. Sindano ikipita kwenye turubai zito, tundu halifungi. Uzi wote ulikuwa umetoka, na kanga alikuwa palepale, shingo imeinama, mguu juu, ametengenezwa kwa mwanga. Kila doa lilikuwa linapitisha jua.

Siwezi kusema sikujua. Fundi yeyote wa turubai anajua.

"Bado anaonekana," meneja akasema.

"Uzi umetoka wote, mama. Hayo ni matundu."

"Ni kanga."

"Ni matundu yenye kumbukumbu nzuri. Kama kampuni imesajili na matundu, nionyeshe, nami nitayaziba."

Mtani aliinama akashughulika na kamba ya kiatu. Meneja alimtazama kanga wa mwanga kwa muda mrefu kuliko haraka yake ilivyoruhusu. Kisha akaurudisha mfuko juu ya wenzake, akatoa kipande cha karatasi, akaandika kwa mkono kwamba sitashona tena picha ya kanga wa kampuni kwa uzi bila ruhusa yao ya maandishi. Nilisoma, nikasaini. Ilikuwa kweli, na mimi sina ugomvi na karatasi inayosema kweli.

"Huyu wa kielelezo?" nikauliza, maana mfuko wa kumi na tatu ulibaki ofisini na uzi wake.

"Kilichochukuliwa kwa utani si ni chake?" akajibu, akamwonyesha mtani kwa kidevu, akapanda gari.

Nilipofika barazani jirani yangu alikuwa bado amevikalia viroba. "Mwangaluka, fundi," akanisalimia, ingawa asubuhi ilikuwa imekwisha zamani. "Umetoka mzima?"

"Nimetoka."

"Na cherehani?"

"Iko."

"Basi kesho ukae ushone, Jumapili haitusubiri." Akainuka, akanisogezea rundo. Alipoiona mifuko ya turubai alinyoosha mmoja juani, akapiga kigelegele mpaka muuza asali wa ng'ambo akaja kuuliza nani ameolewa.

Jumapili kwaya ilipanda basi, na akina mama arobaini walikuwa na kanga arobaini, wote nje, wenye rangi kamili. Nilikwenda stendi kuhakikisha mikanda imekaa sawa. Sikuwa na sababu nyingine, au labda nilikuwa nayo.

Mfuko wa matundu haukununulika kwa bei ya zamani, maana ukiutundika kivulini hauna kitu. Nikaushusha mpaka elfu saba. Wakanunua. Watoto waliwafundisha wazazi wao namna ya kuutazama, kwa kuunyanyua juu. Niliwaambia wateja wote ukweli, kwamba palikuwa na kanga nikalazimishwa kumtoa, na mmoja akaniambia, "Fundi, huyu ndiye namtaka. Yule wa kwanza kila mtu anaye."

Tangu hapo nimebadilisha utaratibu. Siuzi mfuko wa kiroba ulio tayari. Mteja ananunua kiroba kwa jirani yangu, hatua tatu kutoka kwangu, kinakuwa mali yake mbele ya macho yangu, kisha ananiletea nimshonee. Analipa mahali pawili, anatembea na kanga wake. Atakayetaka kukataza hilo aanze na kila mshona nguo wa nchi hii, maana sote tunakula kwa kushona kitambaa cha mtu mwingine.

Mtani alirudi baada ya wiki mbili, siku ya mnada. Alisimamisha pikipiki, akavua kofia nyekundu akaiweka juu ya kiti, akafungua mdomo aanze habari za babu yangu na mizigo. Hakufika mbali. Niliinuka nikaichukua kofia, nikaivaa.

"Hii nimechukua," nikatangaza. "Mzaramo, ukiitaka nifuate."

"Fundi! Trafiki wako pale mbele!"

"Basi sukuma. Ubebe mzigo kidogo na wewe."

"Mkomalie, fundi!" jirani yangu akapaza sauti. "Na mkanda mvue!"

Alibembeleza, akatukana, akahesabu ukoo wangu mpaka kizazi cha nne, akakaa nami mpaka alasiri. Nilishona suruali mbili nikiwa nimevaa kofia ile, jasho likinitiririka, na watu wakanunua soda wakae watazame. Mwishowe akaingiza mkono mfukoni. Hakuuliza bei. Alitoa elfu kumi na mbili, akaiweka juu ya cherehani, nami nikampa kofia yake. Kabla hajaondoka niliona amebeba ubavuni mfuko wa turubai, kanga wa uzi, wa mwisho kutoka mkononi mwangu, ndani yake karatasi za kazi.

Mfuko na kofia vikafutana. Kilichobaki ni elfu tano iliyopungua kwenye kila mmoja wa ile kumi na miwili, pamoja na siku mbili ambazo cherehani haikuzunguka, Jumamosi ya sheria na Jumatatu ya wembe, kila moja elfu kumi na tano. Hasara yote ilikuwa shilingi elfu tisini.